Pepa zimeisha, matokeo hadi Januari: nilipe pre-form five au niende Kayenze kwenye dagaa?

dogo_wa_igoma:

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Naombeni ushauri na naomba msinicheke.

Niko kidato cha nne shule moja ya kata hapa Mwanza. Sisi wa arts pepa ya mwisho tumeshafanya, wenzetu wa sayansi bado wana praktiko, kwa hiyo tupo tupo tu. Kambi haijavunjwa, toka mwezi wa nane tunalala shule kwenye madarasa waliyoyageuza bweni, na mkuu kasema hakuna mtu kubeba godoro lake mpaka fomu ya klia iwe na sahihi zote, stoo, maktaba, maabara, mwalimu wa darasa, mwalimu wa michezo (hata sisi ambao mpira tulikuwa tunauangalia tu). Sasa mimi nimekwama stoo. Kiti nilichokabidhiwa kilikuwa na namba imeandikwa kwa rangi nyeupe mgongoni, kuna mtu kaikwangua kaandika yake, nilichobakiziwa kina miguu mitatu na nikikisimamisha inabidi nikiegemeze ukutani. Mwalimu wa stoo anasema lete kiti kizima au lete hela ya fundi. Mchana kutwa watu wanasainiana mashati kwa makapeni, wengine wanawauzia form three matranka na ndoo, mimi nazunguka na kiti.

Lakini hilo sio swali langu, swali ni hili. Maza anauza nyanya soko la Igoma, kaambiwa na mwenzake kwamba watoto wote wanaandikishwa pre-form five (masomo ya kujiandaa na kidato cha tano), kuna kituo mjini wanaanza jumatatu ijayo, laki moja na ishirini mpaka mwezi wa tatu, nauli ya daladala juu yako. Anataka akakope kwenye kikoba. Upande mwingine mjomba wangu ana mtumbwi Kayenze, anasema niende nikakae nae hadi matokeo yatoke, kula kulala kwake na nitapata changu. Mimi moyo uko Kayenze kusema ukweli. Ila naogopa, matokeo yakitoka nimefaulu halafu niende form five sijui chochote wakati wenzangu wameshasoma tayari? Na nikifeli je? Hesabu nilijibu nilichokijua na nilichokijua kilikuwa kidogo. Nilijaza HGL (historia, jiografia, kiingereza) kwenye selform, ile fomu ya kuchagua kombi au chuo. Miaka 17.

sato_choma:

Dogo kwanza kiti. Mguu wa nne uko kwa huyo aliyekwangua namba, pita usiku na tochi 😂

jiwe_la_bismarck:

Mdogo wangu mi nitakuambia tofauti na watakavyokuambia wengi. Nilisoma PCM (fizikia, kemia, hesabu), pre nilisoma na ilinisaidia sana, fizikia ya advansi ukiikuta mara ya kwanza darasani unaweza kulia, na form five yenyewe ni fupi, unaripoti mwezi wa saba, ukihesabu likizo na mambo mengine umebaki na muda wa kupumua tu kabla hujaingia form six na mwezi wa tano uko kwenye pepa. Wenzangu waliokaa nyumbani kuanzia Disemba mpaka Juni wanaangalia tamthilia walikuja wameshasahau hata kutafuta logi.

Ila hiyo ni PCM. Wewe HGL. Sijui kama kuna haja ya laki na ishirini kusomewa notsi za historia ambazo utazikuta hukohuko. Kiingereza ndio ningekuambia ukipige msuli, maana kwenye HGL kile kinakuwa somo kamili, na historia na jiografia unaandika insha ndefu kwa kiingereza. Hilo halihitaji kituo, linahitaji mtu asome.

mama_wawili_nyakato:

Mwanangu mpe mama yako pole na biashara. Mimi ni mzazi, mwaka juzi nililipia hiyo pre kwa binti yangu, tena zaidi ya hiyo, akasoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia) miezi miwili na nusu, matokeo yakatoka kapata kemia D, fizikia F. PCB ikafia pale. Hela haikurudishwa wala sikuambiwa pole, nilipouliza wakasema tulifundisha huduma imetolewa. Sasa hivi anasoma ufundi wa umeme VETA na anafanya vizuri tu, lakini ile hela ningemnunulia vifaa. Kikoba kina riba jamani.

tuition_ni_muhimu:

Mama hapo usilaumu pre, lawama iende kwa maandalizi ya mtoto toka form three. Pre inampa mtoto uelekeo na inamtoa kwenye vijiwe. Mtoto wa kiume miaka 17 akae miezi saba mtaani Igoma hana cha kufanya mnajua kinachotokea. Laki na ishirini ni ndogo kuliko hasara hiyo.

sato_choma:

Mkuu jina lako tu linaonesha kituo ni cha nani

mwl_wa_chaki:

Marahaba kijana na hongera kwa kumaliza salama. Nimefundisha sekondari mikoa ya kanda ya ziwa muda mrefu kidogo, nimewavunjia kambi wengi, kwa hiyo niruhusu niongelee hii wiki yako kabla ya Kayenze na kabla ya hicho kituo, maana naona wote mmeruka hapo na hapo ndipo penye shida.

Klia unaiona kama usumbufu, lakini imalize. Ukiondoka na deni la kiti, siku unarudi kuchukua cheti cha NECTA utakuta mwalimu wa stoo kahama, daftari la stoo lipo na jina lako limo. Nimeona kijana amesafiri kutoka Geita kuja kufuata cheti akakutana na habari ya kitabu cha jiografia. Kiti kitengeneze. Mguu wa mninga ama wa mbao yoyote fundi wa mtaani atakuwekea kwa hela ya chipsi, usingoje wakupangie wao bei.

La pili, na hili nalisema kwa herufi kubwa kama ningekuwa na nguvu: nenda kwa mwalimu wa taaluma uombe kuona jina lako lilivyosajiliwa, ulinganishe na cheti chako cha kuzaliwa herufi kwa herufi. Huku kwetu Usukumani ndio balaa, mtoto cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'wandu, shuleni wameandika Mwandu, kadi ya kliniki inasema kitu kingine kabisa, na jina la tatu mmoja kaandika la babu mwingine la ukoo. Ukifika kuomba mkopo wa chuo, RITA (wa vizazi na vifo) wanahakiki cheti cha kuzaliwa, NIDA (wa vitambulisho) nao wanataka majina yafanane, hapo ndio watu wanaanza kukimbizana na viapo mahakamani. Kama kuna tofauti, ijue sasa hivi ungali una mwalimu wa kumuuliza.

Andika namba yako ya mtihani mahali pawili, sio kwenye kiganja. Majina hayawekwi kwenye yale matokeo ya mtandaoni, ni namba, jinsi, pointi, divisheni na alama za masomo basi. Na usimgawie kila mtu hiyo namba, nyie mna kawaida ya kupeana kwa urafiki halafu siku ya matokeo mtaa mzima unajua umepata nini kabla yako.

Sasa kuhusu kusubiri. Matokeo ya kidato cha nne siku hizi yanatoka mwishoni mwa Januari, ya 2023 yalitoka tarehe 25 Januari 2024, ya 2024 yakatoka tarehe 23 Januari 2025. Yakishatoka TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha tahasusi (ndio kombi) au chuo kwenye selform ya mtandaoni, na 2024 tahasusi ziliongezwa, kwa hiyo ulichojaza mwaka huu sio hukumu. Majina ya form five yanatoka karibu mwezi wa sita. Yaani kutoka Januari mpaka Julai una muda mwingi wa kusoma hiyo pre kama utaihitaji, TENA ukiwa unajua unasomea kombi gani. Sasa haraka ya jumatatu ijayo ni ya nani?

Na hesabu isikutoe roho. Divisheni inahesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri. Kwenda form five ya serikali wanaangalia uwe na A, B au C kwenye masomo yasiyopungua matatu bila kuhesabu dini, pointi zako za saba zisizidi 25, na masomo matatu ya kombi yawe na jumla ya pointi 3 hadi 10 bila F humo ndani. Kwa HGL ukipata C (3), C (3) na D (4) hiyo ni 10, unaingia kwenye ushindani ilimradi una C nyingine pembeni, mfano kiswahili. Hesabu hata ikiwa F, HGL haiguswi hapo.

dogo_wa_igoma:

Mwalimu shikamoo tena, asante sana. Jina nimeenda kuangalia sasa hivi baada ya kusoma hapa, la kwanza na la mwisho yako sawa, la katikati shuleni wameandika kwa K moja na cheti changu kina mbili. Mwalimu wa taaluma kaniambia nilete kopi ya cheti cha kuzaliwa kesho aone. Moyo umenidunda.

Na huyo wa tochi asante, nimempata aliyekwangua, ni rafiki yangu kabisa tena tulikuwa tunalala godoro zinazogusana. Kasema alidhani mimi nimeshaklia.

mchuuzi_wa_mwaloni:

Ndo marafiki hao 😂

Haya ngoja mimi niongee ya dagaa maana naona humu wengi mnaijua dagaa ya kwenye sahani. Niko Mwaloni Kirumba napokea mzigo kutoka visiwani na huku Kayenze, Igombe, kote.

Dogo, sikukatazi kwenda kwa mjomba wako. Lakini jua unaenda muda gani. Dagaa inavuliwa usiku wa giza, taa zinawashwa ziwani dagaa zinafuata mwanga, mbalamwezi ikiwa kubwa watu wanalala nyumbani wanashona nyavu na kucheza bao. Kwa hiyo kazi sio ya kila siku, kuna siku kama kumi hivi kila mwezi hakuna kitu na pale kambini ndipo vijana wanapoharibikia, hela ipo mfukoni, kazi hakuna, pombe iko mlango wa pili. Halafu Novemba na Disemba ni mvua. Dagaa ikianikwa ikanyeshewa kabla haijakauka inageuka rangi, inatoa harufu, bei inashuka inaishia kwenye chakula cha kuku. Nimepokea magunia ya hivyo, unakata bei na mwenye mali anakuangalia kama umemuibia. Mwezi wa kwanza na wa pili kidogo jua linasimama, mzigo unakuwa mweupe unang'aa, na huo ndio unapelekwa mbali.

Kwa hiyo kama unaenda, usiingie mtumbwini. Una miaka 17, sheria yenyewe haitaki mtu chini ya 18 kwenye kazi za hatari na ziwa usiku ni hatari, dhoruba ya mwezi wa kumi na moja haipigi hodi. Kaa nchi kavu. Omba mjomba akupe kusimamia kuanika. Anayejua kuanika anatakiwa kuliko mvuvi, nakuambia. Wengi wanamwaga mchangani kwa sababu ni rahisi, ukitafuna unasikia kokoto, mimi mzigo wa mchanga nauonja kwanza ndio natoa bei. Wa kwenye chanja, zile meza za kuanikia, nauchukua bila maneno. Mwambie mjomba atengeneze chanja hata mbili, wewe unageuza, unafukuza ndege, unaangalia wingu linatokea upande gani, ukiona limefunga kule ziwani unafunika turubai kabla hata tone halijadondoka. Na UANDIKE. Ndoo ngapi zimeingia, ngapi zimeuzwa, petroli ya injini kiasi gani, chakula cha vijana kiasi gani. Pale kambini mahesabu yote yako kichwani kwa tajiri, vijana wanaambiwa tu safari hii hatukupata. Mtu aliyemaliza form four anayejua kuandika daftari la mauzo, mjomba wako hatokubali uondoke.

Na mapatano ya hela yawe kabla, mbele ya mama yako. Mjomba ni mjomba lakini "utapata chako" sio mshahara.

jiwe_la_bismarck:

Hapo kwenye mapatano piga mstari. Kula kulala bure ndio maneno ya kila mjomba.

mama_wawili_nyakato:

Mimi ziwa sipendi kabisa, nipo Igoma mara kwa mara na pale kwenye makaburi ya MV Bukoba sijawahi kupita nikanyamaza, 1996 nilikuwa mdogo lakini nakumbuka mjini palivyokuwa. Ila huyu mchuuzi kaongea vizuri, nchi kavu sawa. Mwanangu usimdanganye mama kwamba unaanika halafu usiku uko majini.

Na nikuambie kitu ambacho mama yako hajakiwazia. Ada ya form five na six serikali ilifuta toka 2022, sawa, lakini joining instruction ikija utaona orodha, godoro, shuka, tranka, jembe, ndoo, sare, viatu, karatasi rimu, hela ya hiki na kile, halafu nauli. Unaweza kupangwa Mtwara au Songea kutoka hapa. Mjirani wangu mtoto wake alipangwa Ruvuma, nauli tu iliwatoa jasho. Mama yako akishakopa kikoba Novemba kwa ajili ya pre, mwezi wa sita atakopa wapi?

tuition_ni_muhimu:

Nimeulizwa kuhusu kituo, sina kituo, nafundisha kwenye kituo, kuna tofauti. Na bado nasema mtoto anayeweza asome. Mwalimu wa chaki amesema vizuri asubiri matokeo, nakubali kwa nusu, ila wengi wakishaambiwa wasubiri matokeo hawasomi tena mpaka wanaripoti. Dogo kama hulipi, basi angalau tafuta kopi ya silabasi ya HGL na riwaya moja ya kiingereza, nenda nayo huko Kayenze. Hizo siku za mbalamwezi mchuuzi alizosema hakuna kazi, hizo ndio za kusoma.

mwl_wa_chaki:

Hapo mwenzangu tumekutana. Nyongeza ndogo: pale Nyegezi kuna chuo cha uvuvi cha serikali, FETA. Sisemi uende, nasema ujue kipo. Vyuo vya ngazi ya astashahada kwa kawaida wanaanzia ufaulu wa masomo manne, D nne bila dini, sifa za kila kozi ziko kwenye mwongozo wa NACTVET. Kijana aliyekaa msimu mzima mwaloni akaona mzigo unavyoharibika kwa mvua, akaingia pale darasani, anajua anauliza nini. Matokeo yakitoka kinyume na ulivyotaka, una pa kuanzia kufikiria, na kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea pia kupo.

mgeni_bk:

Samahani natoka nje ya mada, hivi ni kweli NECTA hawatangazi tena shule kumi bora?

mwl_wa_chaki:

Kweli, waliacha kuanzia matokeo yaliyotoka Januari 2023. Wazazi ndio bado wanatangaza.

dogo_wa_igoma:

Wakuu nimerudi. Kiti kimepata mguu, fundi wa karibu na geti kanifanyia kwa buku mbili na kuna rangi nyeupe imebaki kaniandikia namba yangu ya zamani, mwalimu wa stoo kakikalia kwanza ndio akasaini 😂 Imebaki maktaba, kitabu cha civics tulikuwa tunasoma watatu kwa kimoja na kila mmoja anasema yuko nacho mwenzake.

Jina mwalimu wa taaluma kalichukua na kopi ya cheti, kasema ataniambia ijumaa inakuwaje.

Maza nimemsomea comment zenu zote kwa simu akiwa gengeni, ya kikoba ilimgusa, akasema huyo mama wa Nyakato anaongea kama mtu anayenijua. Kakubali tusubiri Januari. Kayenze kakubali kwa masharti, jumapili mjomba aje nyumbani waongee hela kwanza na mimi nisilale mtumbwini hata siku moja. Mjomba nilipompigia nikamwambia habari za chanja na daftari akacheka sana, akauliza ni nani huyo anayekufundisha, nikamwambia ni mtu wa Mwaloni. Akanyamaza kidogo halafu akauliza huyo mtu ndoo ananunua shilingi ngapi.

mchuuzi_wa_mwaloni:

Mwambie mjomba aje na mzigo usio na mchanga, bei tutaongea. Njoo inbox dogo.